Akili Inapohama Kitabuni: Picha za Ubongo na Umakini wa Watoto Wetu



Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanazuoni wake na kwa misahafu iliyonakiliwa hapo kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi. Tuifikirie kazi ya mnakili mmoja. Aya hufuata aya, ukurasa hufuata ukurasa, na nukta moja ikiwekwa pasipo mahali pake neno hugeuka maana. Kwa kazi kama hiyo, elimu na mwandiko mzuri havitoshi. Hapana budi mtu awe na uwezo wa kuiweka akili yake mahali pamoja kwa muda mrefu, na kuirudisha kila inapotaka kuondoka.

Uwezo huo ungali hai visiwani mwetu. Tunauona kwa mama anayedarizi kofia ya vito, ambaye huzungushia uzi tundu moja baada ya jingine kwa wiki nyingi hadi kofia ikamilike. Tunauona kwa nahodha anayepitisha chombo katika mkondo wa Mkanda, baina ya Manda na bara, mikoko ikiwa kulia na kushoto na maji yakianza kupwa. Tunauona kwa mtoto wa chuo anayerudia ukurasa mmoja wa Kurani mpaka ulimi usikwame. Wataalamu wa elimu ya nafsi huuita uwezo huu umakini wa kudumu, yaani kuikaza akili kwenye jambo moja, dakika baada ya dakika, hata pale jambo lenyewe lisipokuwa na msisimko.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi yuko mtoto ambaye hufungua kitabu, na baada ya dakika tano macho yake yako kitabuni lakini yeye mwenyewe hayupo. Huyu huitwa mtundu, mvivu, au mzito wa kichwa. Mara nyingine huonjeshwa bakora. Mama yake naye huambiwa kwamba hakulea. Maneno hayo hukaa na mtoto kwa miaka mingi, na wengine huyabeba hadi utu uzima. Kwa hivyo ni haki tujiulize: tunapomlaumu mtoto kwa kukosa umakini, tunajua ni nini kinachotokea kichwani mwake?

Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, wanasayansi wameweza kuutazama ubongo wa mtu aliye hai na aliye macho, bila kisu na bila maumivu, huku akifanya kazi ya kuikaza akili. Waliyoyaona yanatuhusu sisi wazazi na walezi moja kwa moja. Picha hizo zinafundisha kwamba umakini ni kazi ya mwili, kama vile kupiga makasia ni kazi ya mwili. Una nguvu zake na uchovu wake. Unategemea damu, usingizi na afya. Na mtu aliyeshindwa kupiga makasia huulizwa kwanza kama ni mgonjwa, kabla hajaambiwa ni mvivu.

Saa iliyowachosha walinzi

Utafiti wa jambo hili ulianza kwa shida ya vita. Katika Vita vya Pili vya Dunia, wanajeshi wa anga wa Uingereza walikaa saa nyingi mbele ya vioo vya rada wakitafuta alama ndogo za nyambizi za adui baharini. Ilidhihirika kwamba alama zilikuwa zikipita machoni pao bila wao kuziona. Mtaalamu aitwaye Norman Mackworth akatengeneza saa ya majaribio. Mshale wake uliruka hatua moja kila sekunde, na mara chache tu, bila taarifa, uliruka hatua mbili. Kazi ya mtazamaji ilikuwa kubonyeza kitufe kila aonapo mruko huo wa hatua mbili, kwa muda wa saa mbili.

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1948 yangali yanatajwa hadi leo. Ndani ya nusu saa ya kwanza tu, walinzi walianza kupitwa na miruko mingi zaidi. Hawa walikuwa watu wazima wenye afya na waliozoezwa. Ikiwa umakini wao ulipungua kabla ya nusu saa kwisha, basi tusistaajabu kwa mtoto wa miaka minane baada ya siku nzima ya shule, chuo na kazi za nyumbani.

Mackworth aliweza kupima makosa, lakini hakuweza kuona yanakotoka. Kwa hilo ilibidi kungoja mashine.

Kuitazama damu ikienda kazini

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu zote ambazo mwili hutumia ukiwa umepumzika. Nguvu hizo huletwa na damu, ambayo hubeba oksijeni na sukari. Sehemu ya ubongo inapofanya kazi zaidi, damu nyingi zaidi huelekezwa huko. Kwa hivyo anayeweza kuiona damu inapokwenda, anaweza kukisia ni sehemu gani inayofanya kazi.

Mwaka 1991, José Pardo, Peter Fox na Marcus Raichle walichapisha nchini Marekani mojawapo ya tafiti za mwanzo za picha juu ya umakini wa kudumu. Walitumia mashine ya PET, ambayo hufuata mwendo wa damu kwa kutumia kiasi kidogo cha dawa yenye mnururisho. Waliojitolea walipewa kazi nyepesi na ya kuchosha: kutazama nuru ndogo wakingojea ififie, au kungojea badiliko dogo la mguso mguuni. Iwe kazi ilikuwa ya macho au ya ngozi, iwe mguso ulikuwa mguu wa kulia au wa kushoto, sehemu zilizopata damu zaidi zilikuwa zile zile: eneo la mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, na eneo la juu karibu na utosi, hasa katika nusu ya kulia. Hapo ikaonekana kwamba kuikaza akili kuna mahali pake katika ubongo, kama vile kuona na kusikia kulivyo na mahali pake.

Wakati huo huo njia nyingine ilikuwa ikizaliwa. Mwaka 1990, Seiji Ogawa, mwanasayansi Mjapani aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopoteza oksijeni hutofautiana mbele ya sumaku yenye nguvu. Kutokana na ugunduzi huo, mashine ya MRI, ambayo hospitali huitumia kupiga picha za ndani ya mwili, iliweza kuonyesha pia ubongo ukiwa kazini. Haihitaji dawa yenye mnururisho wala eksirei. Mtu hulala chali ndani ya tundu la sumaku kubwa lenye kelele. Kwa kuwa sumaku huvuta chuma, akina mama hutakiwa kwanza kuvua vipuli, bangili na pini za mtandio. Kisha hutazama kioo kidogo au kusikiliza sauti, na mashine hupiga picha moja baada ya nyingine, kila baada ya sekunde chache.

Picha hizo zilizidi kueleza. Umakini hauna chumba kimoja ubongoni. Una mtandao wa sehemu kadhaa zinazopelekeana habari, kama vile chombo kinavyohitaji nahodha, mshika usukani na wa kutweka tanga. Chini kabisa, katika shina la ubongo, kuna kishada kidogo cha seli ambacho jina lake la Kilatini lina maana ya mahali pa samawati. Hicho hutoa kemikali inayouamsha ubongo mzima, kama mlinzi anayegonga mlango. Thalamasi, iliyo katikati, hupitisha habari za macho na masikio. Sehemu za mbele na za utosini huamua lipi lishikwe na lipi liachwe. Mmoja akichoka, safari yote huyumba.

Akili inapokwenda matembezi

Ajabu kubwa ilikuja pale wanasayansi walipotazama ubongo wa mtu asiyefanya lolote. Walitarajia ukimya. Badala yake, mwaka 2001, Raichle na wenzake walieleza kwamba kuna sehemu za ubongo ambazo hufanya kazi zaidi wakati mtu amepumzika, na hupunguza kazi pale anapoanza jambo la nje linalohitaji umakini. Sehemu hizo huhusika na kumbukumbu, na kuwazia kesho, na kuwafikiria watu wengine. Ndizo zinazotumika tunapokuwa jikoni tukikuna nazi huku fikira ziko kwa mtoto aliye safarini.

Kwa hivyo ndani ya kila mmoja wetu kuna makundi mawili yanayopokezana. Moja hushika kazi iliyo mbele yetu. La pili hushika dunia ya ndani. La kwanza likipanda, la pili hushuka. Mwaka 2006, Daniel Weissman na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha namna mghafala wa kitambo kifupi unavyotokea. Kabla mtu hajachelewa kujibu, sehemu za mbele zinazoongoza umakini zilikuwa tayari zimelegea. Kisha zile sehemu za dunia ya ndani hazikutulia kama ilivyotarajiwa, na sehemu za kisogoni zinazopokea picha zikapokea kwa unyonge. Mghafala, basi, huanza kabla mwenyewe hajautambua. Ndiyo maana mtoto akiulizwa, “Ulikuwa wapi?” hujibu kwa kweli kabisa, “Sijui.”

Wala si watoto pekee. Mwaka 2010, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert walichapisha uchunguzi wa watu wazima 2,250 walioulizwa kwa simu zao, nyakati mbalimbali za siku, wanafanya nini na wanafikiria nini. Karibu asilimia 47 ya nyakati walizoulizwa, fikira zao zilikuwa mbali na kazi waliyokuwa wakiifanya.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Kila anayesali anajua jinsi fikira zinavyomtoka mtu katikati ya rakaa, na jinsi khushui inavyotafutwa upya kila siku. Fiqhi haikumfukuza aliyeghafilika. Mwenye shaka kama amesali rakaa tatu au nne hujenga juu ya ile idadi ndogo aliyo na yakini nayo, hukamilisha sala yake, kisha husujudu sijida mbili za kusahau. Sheria imeutambua udhaifu wa mwanadamu na ikampa njia ya kurudi. Malezi yetu yangeweza kujifunza hekima hiyo: mtoto aliyetangatanga aonyeshwe njia ya kurudi kwenye kitabu chake.

Ramani ya umakini

Mwaka 2016, Monica Rosenberg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walisonga mbele hatua moja zaidi. Watu 25 walilala ndani ya mashine wakitazama picha za miji na za milima zikibadilika polepole, wakitakiwa kubonyeza kila waonapo mji na kujizuia waonapo mlima. Watafiti waliugawa ubongo katika sehemu 268, wakatazama ni sehemu zipi zinazopanda na kushuka pamoja. Kutokana na mfumo wa mafungamano hayo waliweza kukisia ni nani angefanya vizuri na nani angekosea, hata kwa picha zilizopigwa mtu akiwa amepumzika tu. Ramani hiyo hiyo ilipopelekwa kwa picha za watoto na vijana 113 huko Beijing, iliendana na dalili zao za kukosa umakini, kama zilivyopimwa na matabibu.

Tunayataja haya kwa tahadhari. Picha hizo huonyesha mwelekeo katika kundi la watu. Hazisomi fikira, na hakuna tabibu anayeweza kumpiga mtoto mmoja picha ya ubongo na kusema kwa hiyo peke yake kwamba ana maradhi ya umakini. Anayemwuzia mzazi picha ya namna hiyo kwa ahadi hiyo, amemwuzia matumaini hewa. Mashine yenyewe huweza kugharimu zaidi ya dola milioni moja. Lakini faida ya utafiti huu haimlazimu mtoto wa Faza au Kizingitini kuingia ndani ya sumaku. Kilichogunduliwa kwa watu wachache kinatusaidia kuwaelewa wengi: kwamba umakini una mashine yake ya nyama na damu, na kwamba mashine hiyo huweza kudhurika, kuchoka, na kutunzwa.

Homa inayoiba umakini

Hapa ndipo habari hii inapofika mlangoni petu. Katika Afrika ya Mashariki, mwizi mmojawapo wa umakini ni malaria.

Katika Hospitali ya Queen Elizabeth huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwapiga picha za MRI watoto waliolazwa kwa malaria iliyopanda kichwani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 168, 25 walifariki, na 21 miongoni mwao walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu walipolazwa. Lakini hata kati ya 143 walionusurika, 39 walikuwa na uvimbe kama huo. Mungu aliwanusuru, na uvimbe ulipungua. Swali likabaki: watoto wanaonusurika huendelea vipi baadaye?

Jibu moja lilikwisha kupatikana Kampala. Watafiti wa Uganda na Marekani waliwafuata watoto wa miaka 5 hadi 12 waliotibiwa malaria ya kichwa katika Hospitali ya Mulago. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2008, miaka miwili baada ya kupona, zaidi ya robo ya watoto hao, asilimia 26.3, walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la akili, ikilinganishwa na asilimia 7.6 ya watoto wenzao wa mitaani mwao ambao hawakuugua hivyo. Na eneo lililoathirika zaidi lilikuwa umakini: asilimia 18.4 kwa waliougua, asilimia 2.5 kwa wenzao. Tuwazie mtoto mmoja kati ya hao. Amerudi darasani, anacheza, anakula, hana homa. Hakuna anayekumbuka tena ule ugonjwa. Mwalimu anamwona mtundu tu.

Malaria isiyofika kichwani nayo ina deni lake. Huko Bondo, magharibi mwa Kenya, shule 30 za msingi ziliingizwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Siân Clarke na wenzake. Nusu ya shule wanafunzi walipewa dawa za kuzuia malaria mara moja kila muhula, na nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Baada ya mwaka, watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 6.3 katika shule zilizopata dawa, na asilimia 12.6 katika zile nyingine. Tena, waliopata dawa walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya umakini wa kudumu yaliyofanywa darasani. Alama za masomo hazikubadilika ndani ya mwaka huo, na watafiti walisema hivyo waziwazi. Lakini uwezo wa kutulia na kusikiliza, ambao ndio mlango wa masomo, ulikuwa umeongezeka.

Kwa upande wetu wa Pwani, utafiti mwingine ulifanyika katika shule 101 za Kwale na kuchapishwa mwaka 2014. Huko wanafunzi walipimwa kila muhula, na waliokutwa na vimelea wakatibiwa. Safari hii hakukuonekana faida katika damu wala katika umakini. Watafiti walieleza kwamba malaria ya Kwale ilikuwa imejikusanya katika maeneo fulani, na kwamba mtoto aliyetibiwa leo huweza kuambukizwa tena kabla ya kipimo kifuatacho. Somo tunalolipata ni kwamba dawa ya shuleni peke yake haitoshi. Neti ya nyumbani usiku, na kumpeleka mtoto kupimwa siku ya kwanza ya homa, ni kazi ambayo hakuna anayeweza kuifanya badala ya wazazi.

Usingizi, damu na simu

Mwizi wa pili ni kukosa usingizi. Nchini Singapore, Michael Chee na wenzake walichapisha mwaka 2008 picha za ubongo za watu waliokesha usiku mzima. Walipoghafilika, sehemu za kuona na thalamasi zilikuwa zimefifia kuliko pale mtu aliyelala vizuri alipoghafilika. Macho yalikuwa wazi, lakini ubongo haukuwa ukipokea vizuri kilichokuwa mbele yake.

Madaktari wa usingizi wa Marekani wanashauri saa 9 hadi 12 za kulala kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa kijana wa miaka 13 hadi 18. Tuihesabu siku ya mtoto wetu. Huamka alfajiri kwa sala, jambo la kheri na malezi mema. Huenda shule asubuhi na chuo alasiri. Jioni kuna kazi za shule. Ikiwa baada ya hapo runinga au simu itamweka macho hadi saa tano za usiku, basi saa za usingizi zitakuwa sita au chini yake. Aliyeamshwa alfajiri anastahili kulazwa mapema, mara baada ya sala ya isha. Katika Ramadhani na katika misimu ya Maulidi, ambapo usiku hurefuka, usingizi wa mchana ni msaada mkubwa.

Mwizi wa tatu ni upungufu wa damu. Damu yenye chuma kidogo hubeba oksijeni kidogo, na ubongo ni mlaji mkubwa. Samaki, maini, kunde na mchicha vina chuma. Ndimu au chungwa pamoja na chakula husaidia chuma cha mboga na kunde kuingia mwilini. Chai, kwa upande wake, huzuia chuma hicho kisiingie vizuri, kwa hivyo ni bora inywewe mbali na chakula kikuu. Wasichana waliobaleghe wanahitaji kuangaliwa zaidi, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Binti anayesinzia darasani, mwenye viganja vilivyopauka, apelekwe kupimwa damu kabla ya kulaumiwa.

Mwizi wa nne tunamjua sote. Mwaka 2015, Cary Stothart na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida walionyesha kwamba mlio wa simu au wa ujumbe, hata usipojibiwa, ulitosha kuvuruga kazi ya umakini wa kudumu. Mlio huo huamsha ile dunia ya ndani: ni nani aliyepiga, na anataka nini? Wakati wa kusoma, simu ikae chumba kingine na sauti imezimwa. Hii ni pamoja na simu ya baba na ya mama.

Kabla ya kulaumu

Tunapendekeza basi kwa kila nyumba mambo machache. Kwanza, mtoto asiyetulia aulizwe afya yake: je, anasikia vizuri, anaona vizuri ubaoni, analala kiasi gani, amewahi kulazwa kwa homa kali au degedege? Habari ya mwisho aelezwe pia mwalimu wa shule na maalim wa chuo, kwa kuwa wao hawakuwepo hospitalini. Pili, masomo yagawanywe. Vipindi vifupi vyenye mapumziko baina yake vinafaa kuliko saa mbili mfululizo, na walinzi wa Mackworth ni shahidi. Tatu, ikiwa shida haiondoki na inamsumbua mtoto nyumbani, shuleni na chuoni pia, aonwe na daktari. Yako maradhi ya umakini yanayotambulika na yanayotibika kwa msaada wa wataalamu, na kuyatafutia dawa si aibu kwa ukoo wowote.

Nne, tuwape watoto kazi za mikono zinazofundisha subira: kudarizi, kusuka ukili, kurekebisha nyavu, kuandika herufi kwa utulivu. Wazee wetu hawakuwa na mashine za sumaku, lakini walimkalisha mtoto karibu na fundi, wakamwacha akosee, afumue, na aanze upya. Fundi alipoona mkono umechoka, alimtuma mtoto kuchota maji, kisha akamwita tena.

Bakora haiongezi damu mwilini, wala haiondoi vimelea vya malaria, wala haimlipi mtoto usingizi alioukosa. Kabla ya kusema “mtoto huyu hana akili”, tumtazame kwa jicho la huruma na la elimu. Huenda akili anayo, na ni mwili wake unaoomba msaada.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya ya miili na utulivu wa nyoyo, na atupe sisi wazazi subira na busara katika kuwalea. Amin.

Wabillahi tawfiq.